Msomaji wa Rafu ya Mwisho

Uzi ulikuwa umehama. Si mbali, kurasa ishirini hivi, lakini uzi wa kitabuni hauna miguu, na aliyeuweka pale hakuwa mtu wa kusahau. Jana mchana aliuacha ukurasa wa arobaini na moja. Leo ulikuwa ukurasa wa sitini na mbili, umenyooshwa vizuri chini ya mstari wa mwisho, kama vile kuna mtu alisoma, akachoka, akaweka alama yake akaenda zake.

Kabla hujasema labda alichanganya vitabu, ngoja kwanza umjue mwenyewe.

Wasomaji walimwita Muhuri. Jina alilopewa na wazazi lilikuwepo, ila maktaba nzima ilishalisahau, maana kwa miaka kumi na tisa alikaa meza ya mbele akigonga mihuri ya tarehe kwa nguvu za mtu anayeua mende. Ukiazima kitabu, anafunua jalada la nyuma palipobandikwa karatasi ya tarehe, anagonga, anakwambia, "Siku kumi na nne." Tarehe ile haikuwa ya siku uliyochukua, ilikuwa ya siku ya kurudisha, na ukichelewa utajuta kujua kusoma. Kanuni zilitundikwa ukutani nyuma yake lakini hakuna aliyewahi kumwona akigeuka kuziangalia. Mwanachama lazima awe na mdhamini. Mdhamini atawajibika kwa kila kitakachochukuliwa, na ana haki ya kumdai aliyemdhamini. Muda unaweza kuongezwa, hata mara mia, ilimradi hakuna msomaji mwingine anayekisubiri kitabu hicho. Akiwepo anayesubiri, uwe mtoto wa nani, unarudisha. Aliwahi kumnyang'anya hakimu kitabu mbele ya mkewe kwa kanuni hiyo, na hakimu ndiye aliyeomba radhi.

Basi huyu mtu mgumu alikuwa na udhaifu mmoja. Alipenda vitabu ambavyo havikupendwa na mtu.

Kila mwaka vitabu ambavyo havijaazimwa kwa miaka kumi viliondolewa, vikafungwa kamba, vikaenda stoo kuliwa na mchwa. Wenzake waliona ni usafi. Muhuri aliona ni mazishi. Alikuwa akienda rafu ya mwisho, ile ya kona, kati ya dirisha lisilofunguka na mlango wa stoo, akifunua majalada ya nyuma kimoja kimoja, na akikuta karatasi ya tarehe nyeupe pe, haijawahi kuonja wino, moyo unamuuma. Aliviita mayatima. Kila mwisho wa juma alichagua yatima mmoja, akamgongea muhuri ili asiondolewe, akaenda naye nyumbani. Alikuwa amesoma kitabu cha ufugaji wa nyuki kilichoandikwa na mtu aliyewachukia nyuki. Alikuwa amesoma riwaya nene ya wapenzi wawili wanaoandikiana barua kuhusu bomba linalovuja. Alisoma amesimama, bega kwenye rafu, kiatu kimoja amekivua, saa ya mapumziko ya mchana. Alama yake ilikuwa uzi anaouchomoa kwenye pindo la gauni lake mwenyewe, na ndiyo maana magauni yake yote yalikuwa yamefumuka chini. Mama yake, aliyekuwa fundi cherehani kabla macho hayajazimika, alikuwa akilipapasa pindo na kuguna, "Mwanangu, utasoma mpaka ubaki uchi."

Na mama ndiye hasa wa kuzungumziwa hapa, kwa sababu bila mama hakuna hadithi.

Waliishi wawili, nyumba ya vyumba viwili yenye kiuani kidogo na dirisha la chumba cha mama likitazama kiuani. Mwaka aliofariki baba ndio mwaka macho ya mama yalipozimika. Akaacha kula. Akageukia ukuta akalala hivyo siku tano. Daktari akaandika dawa, ndugu wakaja wakaenda, na Muhuri, asiye na la kufanya, akavuta kiti akaanza kumsomea yatima aliyekuwa naye mkobani. Siku ya kwanza mama hakujitikisa. Siku ya pili aligeuza shingo. Siku ya tatu akaomba chai. Tangu hapo, kila siku saa kumi na moja jioni, kiti kile kilivutwa. Muhuri alijua, kama mtu anavyojua moto unaunguza, kwamba siku kusoma kutakapokoma mama atageukia ukuta tena, na safari hiyo hatageuka.

Kwa hiyo hakuwahi kumsomea mwisho. Yeye mwenyewe hakuusoma. Akihisi kuna mtu atakufa kwenye kurasa za mwisho, anafunga kitabu taratibu, kidole bado ndani, anameza mate na kutunga wake. Watu wa vitabu vya Muhuri hawakufa hata mmoja. Walipona, walirudi kwao, walioana. Mama alisikiliza harusi hizo zote akasema tu, "Haya."

Sasa turudi kwenye uzi.

Siku ile Muhuri alifunua jalada la nyuma. Chini ya muhuri wake, uliokaa upande kama kawaida, kulikuwa na muhuri mwingine, umenyooka, mwepesi, wino wa zambarau uleule. Muhuri wa maktaba ulikuwa mmoja tu, na ulikuwa kwenye droo yake, na ufunguo wa droo ulikuwa shingoni mwake. Akavuta kitabu cha nyuki. Muhuri wa pili ulikuwepo. Akavuta cha bomba linalovuja. Ulikuwepo. Kila yatima aliyemsoma, kuna mtu alikuwa amemsoma mara tu baada yake.

Mtu mwenye akili angeogopa. Muhuri, tusidanganyane, alifurahi. Miaka kumi na tisa alikuwa amesoma peke yake vitabu ambavyo hawezi kumsimulia mtu bila kuchekwa.

Siku iliyofuata, alipotoka mapumziko, alikuta fomu ya uanachama mezani pake. Mwandiko mzuri ajabu, wa mtu aliyejifunza kuandika wakati kuandika kulikuwa na thamani. Jina: Msomaji. Makazi: Jirani. Vitabu upendavyo: mayatima kumi na mmoja wa karibuni, kwa mpangilio uleule aliowasoma yeye. Mdhamini: pamebaki wazi.

Akamwendea mlinzi mlangoni, mtu mzima mwenye mizaha aliyekaa kwenye kiti chake tangu asubuhi. "Kaka, nani ameingia saa ya mapumziko?"

"Dada, mlango huu nimeukalia mimi. Hata nzi angeniaga."

"Kuna mtu ameacha fomu."

"Basi katokea humo humo ndani," mlinzi akasema, akicheka. "Mpe kadi, labda kodi ya rafu imemshinda."

Kanuni ilitaka mwanachama aje mwenyewe, na mdhamini wake, na kitambulisho. Ingekuwa fomu ya mtu mwingine, Muhuri angeichana vipande mbele yake. Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake, na siku hiyo za Muhuri zilikuwa zimenyolewa. Akashika kalamu. Mahali pa mdhamini akaandika jina lake kamili, akatia sahihi, akatengeneza kadi na kwenda kuiweka rafu ya mwisho, juu ya vitabu, kwa aibu kidogo kama msichana anayeacha barua.

Jioni kadi haikuwepo. Pale ilipokuwa palibaki harufu: karatasi iliyoloa ikakaukia mahali pasipo na hewa, na chini yake kitu kama pumzi ya mtu ambaye hajafungua kinywa siku nyingi.

Wiki ile ilipita salama. Kisha siku moja kikao cha kazi kilimchelewesha saa nzima. Alikimbia njia nzima, mkoba ukimpiga nyonga, akimwona mama kichwani mwake amegeukia ukuta. Aliposukuma mlango alimkuta mama ameketi kitandani, mashavu yamechangamka, kikombe cha chai kitupu mkononi.

"Pole mama. Nimechelewa."

"Umechelewa wapi tena?" Mama akacheka. "Si umetoka hapo sasa hivi kwenda jikoni?"

"Mimi ndio kwanza naingia."

"Acha utani, mwanangu, koo lako litakauka kwa kusoma halafu bado una nguvu za utani." Mama akashusha sauti kidogo. "Lakini leo umenifurahisha. Leo umesoma mpaka mwisho. Kumbe yule mpima ardhi alikufa mtoni. Mbona wiki iliyopita uliniambia alifika kwao?"

Kitabu cha mpima ardhi alikuwa amekirudisha maktaba siku sita zilizopita. Sasa kilikuwa juu ya kiti. Alikifungua kurasa za mwisho, ambazo hakuwahi kuzisoma, akasoma kwa kuruka mistari: mto, kamba iliyokatika, kofia ikielea peke yake. Akaweka kiganja kwenye kiti. Kilikuwa na unyevu, na chumba kizima kilinuka karatasi iliyoloa.

Kesho yake hakubeba kitabu. Mama alisomewa. Keshokutwa alifunga mlango kwa kufuli mbili na kuondoka na funguo zote. Mama alisomewa, na akasimulia kwa raha habari za nyuki waliomwua mfugaji wao. Siku ya nne Muhuri aliomba ruhusa, akatoka kazini saa kumi kasoro, jua bado kali, watoto wa jirani wakipiga mpira ukutani, akaingia kwa mlango wa kiuani akitembea kwa ncha za vidole. Chini ya dirisha la mama akasimama.

Kuna mtu alikuwa akisoma ndani, na mtu huyo alikuwa yeye. Ilikuwa sauti yake, si ya kufanana, yake yenyewe, na kikohozi chake kifupi cha kugeuza ukurasa, na namna anavyovuta neno la mwisho akiona aya inaisha, na lile "enhe, mama, unasikia?" analolisema kila mara bila kujua kwamba analisema, na kadiri alivyosikiliza ndivyo alivyoanza kuona kwamba midomo yake mwenyewe inatembea, inafuata maneno ya kitabu ambacho hajawahi kukishika, na alipoufunga mdomo kwa nguvu mpaka meno yakagongana, sauti iliendelea mle ndani bila haraka, tulivu, ikisoma vizuri kuliko alivyowahi kusoma maishani mwake, na mama akacheka, kicheko cha ujana ambacho Muhuri alikuwa hajakisikia tangu baba yu hai.

Akaingia. Kiti kilikuwa kitupu. Kitabu kilikuwa wazi juu ya kiti, na uzi wa pindo lake, mweupe, ulikuwa unateleza kidogo kidogo kando ya ukurasa. Sauti haikukoma.

"Mama," akanong'ona.

Mama hakugeuka. Alikuwa amekielekezea kiti uso wake, anatabasamu.

"Mama. Mimi hapa. Mama, usimsikilize."

Akapiga magoti akamshika mabega. Mama akasisimka kama mtu aliyepitiwa na upepo, akavuta shuka, na shuka lilipovutwa mkono ukatokea, na ndani ya kifundo cha mkono, pale penye ngozi laini panapopimwa mapigo, Muhuri akaona wino wa zambarau. Tarehe, imenyooka na nyepesi. Hakuhitaji kuhesabu lakini alihesabu. Siku kumi na nne kutoka leo.

Mama alikuwa ameazimwa.

Nisikuchoshe na siku hizo, ila ujue hivi: zilikuwa mbaya kwa namna ya kipekee, kwa sababu hakuna kilichokuwa kibaya. Mama alistawi. Muhuri aliishi naye chumba kimoja kama kiti kinavyoishi na mtu. Alipompelekea chai, mama hakuhisi kikombe kwenye midomo, mpaka ile sauti, sauti ya Muhuri, iseme kutoka kwenye kiti, "Kunywa, mama," ndipo akanywa, kutoka mkono uleule, akashukuru upande ule. Alipomwogesha alisugua wino kwa sabuni, kwa ndimu, kwa kucha. Ngozi ilibadilika rangi, tarehe haikubadilika. Usoni mwa mama hakuona mateso hata chembe, na hilo ndilo lililomvunja. Angalau angekuwa analia, angejua anapigana na adui.

Siku ya tisa mlinzi, aliyeona jinsi anavyokonda, alimlazimisha kusema. Hakufanya mzaha. Kesho yake mchana akamletea mganga.

Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mfuko wa ngozi na haraka ya mtu anayesubiriwa na wagonjwa wengine. Alisimama kizingitini akanusa. Akatazama kiti, ambacho wakati huo kilikuwa kinasoma kwa sauti ya chini. Akasikiliza ukurasa mzima. Mfuko hakuufungua.

"Jini huyu ni wa zamani," akasema, sauti yake ikiwa ndogo kama ya mtu aliye karibu na mtoto aliyelala. "Mahali pasipokanyagwa na watu hukanyagwa na wengine. Amekaa na vitabu vyake huko miaka yake bila kumdhuru mtu. Sasa nieleze, binti yangu, kwenu hapa aliingiaje? Kuna aliyemkaribisha?"

"Alijaza fomu."

"Na nani akaipokea?"

"Mimi. Nilimdhamini."

"Ulimwona uso?"

"Hapana."

Mganga akafumba macho. "Kwa maandishi?"

"Na sahihi."

Kiti kiligeuza ukurasa, kikakohoa kikohozi cha Muhuri.

"Sikiliza," mganga akasema. "Aliyevunja mlango nitamtoa, hata akija na kabila lake. Aliyepewa ufunguo na mwenye nyumba nitamtoaje? Nikianza kumchapa huyu ataniuliza kosa lake, na sitakuwa na jibu."

"Anamwua mama yangu."

"Hamwui. Mtazame alivyonawiri. Kila anayesoma peke yake anatafuta sikio, binti yangu. Wewe ulipata lako, naye ameliona akalitamani." Akaweka mfuko begani. "Hawa wenzetu wanashika neno kuliko sisi. Ulimwingiza kwa kanuni, basi kama kuna njia ya kumtoa iko kwenye kanuni hizo hizo. Mimi sizijui. Wewe ndiye unazijua."

Akaondoka bila kuaga kwa sauti.

Siku ya kumi na nne Muhuri aliamka alfajiri akaketi sakafuni karibu na kitanda, ameushika mkono wa mama, akiisubiri tarehe itimie. Wenye vitabu vilivyochelewa wote aliowahi kuwakemea walimjia akilini. Jua likapanda. Majirani wakawasha redio. Mama akaamka, akajinyoosha, akageuza uso kwenye kiti. "Umeamka, mwanangu? Tuendelee."

Muhuri akautazama mkono. Chini ya tarehe ya kwanza kulikuwa na nyingine mbichi, wino bado unang'aa. Siku kumi na nne tena.

Msomaji ameongeza muda. Na kwa nini asiongeze? Hakuna anayemsubiri.

Wazo lile lilimpiga papo hapo, akiwa bado na mkono wa mama mkononi. Akakimbia kazini na viatu visivyofanana. Akavuta karatasi ya kusubiri, ile wanayojaza wasomaji wanaotaka kitabu kilichoko kwa mwingine. Kitabu kinachosubiriwa: akaandika jina la mama yake. Kinashikiliwa na: Msomaji. Namba ya kadi ya anayesubiri.

Hapo kalamu ikasimama. Muhuri hakuwa na kadi. Wafanyakazi hawakuhitaji kadi. Miaka kumi na tisa alikuwa akijigongea muhuri mwenyewe na kuondoka. Kwa kanuni za ukutani yeye hakuwa msomaji wa maktaba ile, na asiye msomaji hawezi kusubiri kitu. Akavuta fomu ya uanachama, akajaza. Ikabaki mdhamini. Akaibeba mpaka mlangoni.

Mlinzi aliisoma fomu, akasoma na ile karatasi nyingine, akaelewa. Akairudisha kwa mikono miwili.

"Dada," akasema, na macho yake yalikuwa yamejaa. "Wewe ni ndugu yangu. Lakini mkono huu unalisha watu nyumbani. Nikiuweka hapo, sijui kesho utakuwa wa nani."

"Najua, kaka."

"Nisamehe."

"Ungekubali ningekushangaa."

Aliiacha fomu mezani, pa mdhamini patupu, akaenda kukaa sakafuni chini ya rafu ya mwisho, kiatu kimoja hana, kama zamani. Hakuwa na ndugu wa karibu. Aliwapitia wote aliowafahamu mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na mama yake au mtoto wake. Alikaa mpaka vumbi la dirishani likabadilika rangi. Hakulia kwa sauti, maana hata hapo bado ilikuwa maktaba.

Aliporudi mezani, fomu ilikuwa imejazwa. Mwandiko mzuri ajabu. Mdhamini: Msomaji. Wino ulikuwa bado umeloa, na kando yake kulikuwa na kadi mpya yenye jina lake, jina lile kamili ambalo maktaba nzima ilikuwa imelisahau.

Alijua maana yake kuliko mtu yeyote, yeye aliyewasomea watu kanuni hiyo maelfu ya mara: mdhamini ndiye mwenye haki ya kukudai. Alimdhamini asiyemjua, na sasa asiyemjua amemdhamini yeye, na fundo hilo halikuwa na upande wa kufungulia. Angeweza kuichana. Akamfikiria mama akicheka na kiti. Akaichukua kadi, akaiandika namba, na karatasi ya kusubiri akaiweka rafu ya mwisho.

Zikabaki siku kumi na nne za kumtazama mama na kutoonekana. Alizimaliza. Sina la kuongeza hapo.

Tarehe ilipotimia, saa kumi na moja jioni, kiti kilisoma mpaka mwisho wa aya kikanyamaza. Harufu ikapungua. Mama akaegemeza kichwa, akasikilizia, kisha akanyoosha mkono upande ule aliosimama Muhuri.

"Mwanangu? Mbona umesimama? Na mkono wako baridi hivi?"

Muhuri akaanguka kifuani pake. Alilia kama mtoto, na mama akamsugua mgongo bila kuuliza. Baadaye tu, alipojipangusa, ndipo akautazama mkono wa mama. Tarehe ya tatu ilikuwepo chini ya zile mbili. Hii ilikuwa imegongwa kwa nguvu, imekaa upande, kama ya mtu anayeua mende. Siku kumi na nne. Kesho yake, rafu ya mwisho, alikuta karatasi ya kusubiri mpya. Kinashikiliwa na: jina lake. Anayesubiri: Msomaji.

Kwa hiyo hataweza kuongeza muda. Kanuni ni kanuni.

Akachukua likizo, akamsomea mama asubuhi na jioni, akamlisha kwa mkono wake, akamshonea vifungo ambavyo mama alikuwa akivipapasa na kuvikosoa. Hakumwambia kitu. Alijaribu kutozihesabu siku, akazihesabu. Siku ya kumi na tatu walikuwa wanamaliza yatima mpya, hadithi ya mjane mwenye mashine ya kusaga, na Muhuri alipofika kurasa za mwisho alihisi mjane hatapona. Akafunga kitabu taratibu, kidole ndani. Akaanza: asubuhi moja mjane aliamka hana homa, na mlangoni amesimama yule mwenye punda, amevaa shati jipya.

Mama alikuwa akipapasa pindo la gauni la mwanawe. Lilikuwa limefumuka karibu kufika magotini.

"Kesho anakuja mwenzio?" mama akauliza.

"Mwenzangu nani, mama?"

"Mwanangu, mimi ni kipofu. Si kiziwi." Mama akaulaza uzi uliong'oka kwenye kiganja chake, akaunyoosha kwa kidole, kama fundi. "Wewe unameza mate kabla ya kudanganya. Yeye hamezi."

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu mpima ardhi."

"Nilikuita." Muhuri akakichomoa kidole kitabuni. "Mama, nilikushika mabega nikakuita siku zote zile."

"Nilisikia kitu kwa mbali," mama akasema, kwa upole ule ule wa kumbembeleza mtoto mwenye homa. "Lakini hadithi ilikuwa imefika pazuri. Usilie. Nawapenda nyote wawili. Haya, endelea na harusi yako, nakusikiliza. Mwisho wenyewe atakuja kunisomea mwenzio."

Nje watoto walikuwa bado wanapiga mpira ukutani. Muhuri akameza mate, akaendelea na harusi.